Ruhusa ya Kwenda Lupaso

Tulikuwa watu tisa, wanaume kwa wanawake, tukiishi kwa Kanuni katika nyumba tatu kando ya barabara ya kwenda Newala. Hatukuwa watawa. Walikuwamo walimu wastaafu, wajane, na mimi niliyeacha cherehani yangu pale Mkomaindo kwa kuwa nilichoka na dunia. Tulisali mara nne kwa siku, tukalima shamba moja la mihogo na mikorosho, tukala chungu kimoja. Simu zilifungiwa kabatini, zikatolewa Jumapili. Watu wa mjini walitusifu sana. Rahisi kumsifu mtu usiyekaa naye nyumba moja.

Kanuni ilisema hakuna anayelala nje bila ruhusa ya wote. Mwenye haja alipiga magoti kanisani akaeleza, nasi tukamjibu mmoja mmoja. Anayekubali alisema, "Amina." Anayekataa alisema, "Bado," na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza sababu. Bado moja ilitosha kulilaza ombi mwezi mzima.

Mwaka mmoja, msimu wa korosho, mpishi wetu alipiga magoti. Mama yake alikuwa mgonjwa Newala. Wote walisema Amina. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Bado." Nilijidai nimeongozwa na Roho. Uongo mtupu. Mpishi akiondoka, jiko lingeniangukia mimi, na mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuokota korosho. Basi, sababu ni hiyo. Mwezi ulipoisha alikwenda, akamkuta mama yake yu hai lakini hamtambui tena. Akarudi, akashika mwiko wake, akaendelea kunipakulia kama kawaida. Hata siku moja hakunigusia jambo lile. Ukimya wake ulinikera kuliko matusi, nikaamini ameniwekea kinyongo na anasubiri siku yangu.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja, nilifungua simu nikakuta ujumbe wa mdogo wangu kutoka Lupaso: mama amelala, hali si nzuri, anakutaka. Lupaso si Ulaya. Ukipanda pikipiki asubuhi, mchana uko huko. Lakini nilimfikiria mpishi. Nilimwona ananitazama nimepiga magoti, anasema Bado yake mbele ya wote, nami sina pa kuweka uso. Nikamjibu mdogo wangu kwamba nasubiri ruhusa. Ruhusa gani, na mimi sijaiomba? Jumapili ya pili nikasoma ujumbe mwingine, nikaandika maneno yale yale. Ya tatu ndipo nilipopiga magoti.

Amina zikazunguka. Mpishi alikuwa wa mwisho. Alisema Amina yake, kisha akaja kuniinua kwa mkono.

"Dada, mbona hukusema mapema? Mama hasubirishwi."

Asubuhi yake alinifungia kilo kadhaa za unga wa muhogo aliotwanga mwenyewe, nisifike kwetu mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimempimia kwa kibaba changu.

Nilifika Lupaso wanaume wakinawa udongo mikononi. Mama alikuwa amefariki Jumapili ile ile alasiri, simu zimesharudishwa kabatini, na walikuwa wametoka kumzika. Nilikaa chini pale pale njiani, nikalia mpaka sauti ikakatika. Mdogo wangu alinijia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliniambia mama alikuwa ananiulizia kila kukicha. "Tukamwambia wale watu wa Kanuni wamekunyima ruhusa. Akasema tusikulaumu, si wewe, ni wao."

Mjomba, kaka yake mama, alisonya. "Watu gani hao? Wao hawana mama?"

Wanawake waliokuwa mkekani wakanigeukia wote, wakingoja. Nilikuwa nimeukumbatia ule mfuko wa unga. Lilikuwa neno moja tu la kusema, kwamba hawakuninyima, na mama alikuwa hanisikii tena, kwa hiyo hata aibu ya mbele yake sikuwa nayo.

"Hawana huruma, mjomba," nikasema.

Wakanionea imani, wakanipokea mzigo, wakanipisha mkekani. Jioni shangazi alisonga ugali wa unga ule, na huku wakimlaani mpishi na wenzake, nilinawa nikala.