Mtoto Mmoja wa Mshono

Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji. Alikuwa amekaa vibaya tumboni, uchungu ulikuwa umenichosha, na daktari akasema hakuna la kungoja.

Wakati ule nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, kazi ya kugeuza magodoro na kusukuma vigari vya mashuka. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, mshono ulinivuta kila nilipoinama. Msimamizi wangu, mwanamke wa bara, akaniona.

"Mama, hapa utaumia. Nenda chumba cha cherehani."

Nilikwenda machozi yakinilenga, nikidhani nimeshushwa. Leo mimi ndiye msimamizi wa chumba hicho, na kitengo kizima cha kufulia kiko chini yangu.

Wifi yangu anayeishi kijiji cha Bongwe alijifungua mwezi ule ule, kwa njia ya kawaida. Arobaini haijaisha, tayari alikuwa barabarani anakaanga viazi karai, nami bado nashikwa mkono kwenda chooni. Nilimwonea wivu. Sasa ana watoto wanne. Kila akijifungua hufunga biashara, na kila akiifungua tena hukuta wateja wamehamia kwingine. Juzi aliniambia, "Wewe ulipona, wifi." Sikujua nishukuru au nikasirike.

Mavyaa, mama wa mume wangu, yeye haoni kupona kokote. Nikimwamkia shikamoo huitika marahaba kwa upole, kisha huguna. "Kisu kile kilikufungia uzazi, mwanangu." Hata mimi niliamini hivyo, au nilitaka kuamini.

Mwaka jana maumivu ya mgongo yalinipeleka kliniki. Daktari, binti mdogo tu, alinipima akashangaa nina mtoto mmoja.

"Mshono ulipona zamani. Nani alikukataza kuzaa tena?"

Nilitafuta jina la kumtajia, nikakosa. Baada ya upasuaji niliambiwa ningoje kwanza, basi. Hakuna aliyeniambia niache.

Nilimkuta mume wangu uani akipara samaki, nikamweleza. Kisu kikasimama mkononi.

"Mimi nilikuwa nakuonea huruma," akasema. "Nilinyamaza usije ukaona nakulazimisha."

"Nami nilidhani wewe ndiye unayeogopa."

Tukacheka. Halafu kicheko kikaisha ghafla, tukabaki tunatazamana kama wageni.

"Sasa je, wataka?" akauliza.

"Sijui."

Nilisema kweli. Nilimwaza mwanangu anayecheza peke yake, nikauona moyo wangu unaelekea huko. Papo hapo nikaikumbuka meza yangu kazini, na nani atakayeikalia nikiondoka. Ni kisu kilichonizuia miaka yote hii, ni hofu, au ni ile kazi niliyoipata kwa sababu ya kisu? Nikivuta uzi mmoja, mwingine unakaza.

Tangu hapo nimeomba ruhusa kazini mara mbili ili twende kliniki pamoja kuulizia mtoto wa pili, na mara zote nimeifuta mwenyewe. Mume wangu haniulizi sababu.