Raba za Skola

Juzi niliingia duka la viatu mjini Sumbawanga kumtafutia mwanangu viatu vya shule, nikapokelewa na harufu ya raba mpya. Mnaijua: gundi na mpira, kali kidogo, tamu kidogo. Wengine huipenda. Mimi ilinipandisha joto usoni, nikajikuta nimevikunja vidole vya miguu ndani ya viatu vyangu.

Nilikulia kijijini Mwazye, na mpaka darasa la sita kiatu changu kilikuwa ndala za kanisani tu. Asubuhi za mwezi wa sita umande wa kwetu huuma kama moto. Tulikimbia kwenda shule kwa sababu ukitembea miguu inakufa ganzi. Ndivyo nilivyojifunza mbio. Miguu yangu ilikuwa mipana, visigino vina nyufa, vidole vimetawanyika kama ndugu waliogombana. Ilikuwa miguu ya baba hasa. Naye alikuwa na usemi wake: "Mguu ni mkulima, usiulazimishe kuwa bwana harusi."

Basi nikachaguliwa kukimbia mashindano ya shule mjini Sumbawanga. Baba akanisindikiza, tukapanda Fuso juu ya magunia ya mahindi, tukafikia kwa mama mdogo. Binti yake, Skola, alikuwa rika langu. Jioni tulikaa barazani na marafiki zake, mmoja akanitazama chini, akauliza, "We, hii ni miguu au majembe?" Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini niliivuta miguu chini ya kanga, na haikutoka tena mpaka walipoondoka.

Kulipokucha nikamwomba Skola raba zake.

"Zitakubana," alisema.

"Zinanienea kabisa," nikamjibu, huku nikivishindilia vidole kama mtu anayeongeza ulezi kwenye gunia lililokwisha kujaa.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza niliongoza, na nikasikia mwalimu wetu akinishangilia. Wa pili, visigino vikaanza kuwaka. Baba alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, pekupeku, suruali ameikunja hadi magotini, akipaza sauti: "Vua! Mwanangu, vua viatu!" Nilimsikia vizuri sana. Wenzangu wakaanza kunipita, na wawili kati yao walikuwa peku, wala hakuna aliyewacheka. Hata hilo nililiona. Lakini marafiki wa Skola walikuwa wamesimama pale pale, na mimi nilikuwa tayari kukatika miguu kuliko kuionyesha. Kwenye kona ya mwisho miguu ikagoma. Nikaanguka kifudifudi.

Baba alinibeba hadi pembeni, akaketi kwenye majani, akaanza kufungua kamba. Soksi ilikuwa imegandamana na damu, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka nusu. Watu wakatuzunguka. Miguu niliyoificha tangu jana sasa ilikuwa mapajani mwa baba, mchana kweupe, mbele ya mji mzima. Skola alikimbilia maji. Baba aliniosha polepole, kidole kimoja kimoja, bila kuinua uso.

"Nisamehe, baba."

"Nyamaza, mama."

Akanifunga kidole kwa kitambaa, macho bado chini. Hata kwenye gari, tulipokuwa tunarudi, aliangalia barabara tu. Nikajua ananionea aibu: nimeshindwa, nimeanguka, nimemtia fedheha ugenini. Mwaka uliofuata mwalimu aliponichagua tena, nilikataa, na baba hakunihimiza. Sikukimbia tena.

Niliishi na maelezo hayo mpaka baba alipofariki. Msibani, tukiwa jikoni tunachambua maharage, mama mdogo akanisimulia kwamba siku ile, kabla hatujaondoka mjini, baba alimfuata uani akalia. Mama mdogo alikuwa hajawahi kumwona analia.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Mtoto ameificha miguu kwa sababu ni yangu.'"

Nikauweka ungo chini. Nawaapia, sikuwahi kumfikiria yeye hata mara moja. Miguu niliwaficha wasichana wa barazani, ambao leo hata majina yao siyakumbuki, na kumbe aliyeona amekataliwa ni mtu aliyesimama peku ukingoni mwa uwanja, akiniita kwa sauti yake yote. Miaka yote ile kila mmoja wetu aliinamisha uso, akidhani ni mwenzake anayemwonea haya.