Mjapani Aliyeandikwa kwa Penseli

Farah ametutoka jana, na akili yangu bado inakataa kulipokea hilo. Bintiye, Hodan, ndiye aliyenipigia kutoka Garissa: "Abti, aabo ametangulia. Tuombee." Abti ni mjomba, aabo ni baba. Hivyo ndivyo wanavyoniita nyumbani kwake, ingawa mimi ni mtu wa Machakos.

Wengi wenu mlimjua kama mfugaji wa Ijara. Mimi nilimjua kabla ya ng'ombe, miaka ya vita vya serikali na waasi wa Shifta, akiwa karani wa simu katika posta ya Garissa nami mpimaji wa hali ya hewa mjini humo.

Sote wawili tulikuwa watu wa redio ya ridhaa, wale wanaozungumza na wageni wa mbali kwa mitambo yao ya nyumbani. Hali ya hatari ilipotangazwa, mitambo yetu ya kurusha ilichukuliwa. Tulibakiwa na ya kupokea, basi tukawa wasikilizaji.

Akinasa kituo cha mbali alinipigia simu papo hapo, akiniita kwa Kisomali chake: "Warya, washa! Masafa ya mita ishirini, chini kidogo ya kituo cha yule Mrusi. Anafifia, achana na chai."

Nami nilimjibu kwa alama: kueleweka, moja hadi tano; nguvu, moja hadi tisa. Hatukuongeza alama wala kupunguza.

Sharti letu lilikuwa moja. Nchi mpya huandikwa daftarini kwa penseli mpaka mwenzako naye aisikie kwa masikio yake. Hapo ndipo inapopitishiwa wino.

Jioni moja alinipigia akihema. "Nadhani ni Mjapani. Anagonga Morse, anasema ni mwalimu wa hesabu. Niambie siyo ndoto." Nikawasha, nikampata, nikaandika. Kabla sijamjibu, laini ilikatika.

Asubuhi yake afisa mmoja wa usalama aliingia na Farah ofisini kwangu, mkononi ana karatasi ya Farah iliyojaa herufi na tarakimu.

"Huyu anadai hii ni salamu ya mwalimu wa Japani, si siri za Shifta. Anasema na wewe ulikuwa unasikiliza."

Farah alitabasamu. "Muulize, afande. Huyu hata mvua haiamini mpaka aipime."

Daftari langu lilikuwa ndani ya droo, chini ya kiwiko changu. Kulifungua kulihitaji mkono mmoja. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria ningeonekana mtu wa upande gani. Nikasema: "Sikusikia kitu."

Farah alinitazama jinsi mtu anavyoitazama redio iliyozimika ghafla.

Walimshikilia miezi mitano. Alipotoka, kazi ilikuwa imekwenda, na redio pia. Akashuka Ijara kwa ng'ombe wa mjomba wake.

Alinisamehe bila kuniambia, jambo lililonizuia kumwomba radhi. Kila mvua ilipokaribia alinitumia salamu: "Mwambieni bwana wa vipimo tumelowa kabla hajapima."

Mara moja tu aliuliza. Ilikuwa harusi ya Hodan, tumekaa na sahani moja ya pilau katikati yetu. "Yule Mjapani," akasema, "ulimpa ngapi?"

Nikasema: "Mjapani gani?"

Akacheka. "Basi. Masikio yako yalizeeka kabla yako." Akanisogezea kipande kikubwa cha nyama.

Ile ya kwanza niliweza kuiita woga. Hii ya pili, mezani pake, sijaipatia jina.

Leo Hodan amenitumia picha ya ukurasa wa daftari la babake. Nchi arobaini na moja, zote kwa wino isipokuwa moja. Hiyo ni ya penseli, imefifia, na pembeni ameacha nafasi tupu ya alama. "Abti, mbona hii peke yake iko hivi?"

Hodan, chukua kalamu ya wino. Babako alisema kweli, na mimi nilikuwa shahidi wake. Daftari langu ninalo hapa, limefunguliwa.

Farah, ndugu yangu, taarifa yako imechelewa maisha mazima. Japani, mita ishirini, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni. Kueleweka, tano. Nguvu, saba. Nilimsikia.

Mola akurehemu. Lala, nimekupokea.