Nilivyoomba Kusomea Migomba Ulaya

Chekeni tu, nimeshazoea. Redio ilitangaza kwamba chuo kikuu kimoja cha Ulaya kinatafuta wanafunzi wa kilimo kutoka kwetu, na usaili utafanyika Bukoba. Shule niliiacha darasa la tano, lakini wadudu walikuwa wanaangusha migomba ya kibanja chetu Buganguzi, nami nilitaka kujua dawa ya kuwaua. Nikaazima koti la shemeji, nikaenda.

Ukumbini alikaa profesa mgeni na mkalimani wake, Mhaya mwenzangu. Nyuma yangu vijana wa sekondari walisubiri zamu yao.

"Ndugu, unachagua kozi gani?" mkalimani akauliza.

"Migomba. Nataka kuona huko kwao wanaitunzaje."

Akatafsiri. Profesa akatikisa kichwa.

"Ndugu, kwao hakuna mgomba hata mmoja. Ni baridi tupu."

Nilidhani ananitania. Nchi nzima bila mgomba?

"Sasa bila ndizi, wageni wao wanawapikia nini?"

Vijana wakaangua kicheko. Mkalimani naye akawa anafuta machozi. "Ndugu yangu, kwani umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano," nikajibu kwa sauti ya kufika mlangoni, "na swali langu bado halijajibiwa."