Kinyozi Aliyeitwa Mara Hii

Ukikaa kwenye viti vya vinyozi katika miji mingi, unagundua kwamba kinyozi ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia mkubwa yeyote "inama" naye akainama bila kuuliza kwa nini. Kinyozi wa habari hii alikuwa na chumba kimoja chenye viti viwili, feni iliyozunguka ikilalamika, kioo kilichopata ufa pembeni, na rafu ya mashine, vitana na chupa kubwa ya spiriti ya kufutia mashine baada ya kila kichwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba akiitwa kwa jina hilo hugeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Mtaa mzima ulimwita Mara Hii.

Jina hilo alilipatia kanisani. Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, alisimama na macho mekundu ya jana yake, akajipiga kifua. "Ndugu zangu, pombe nimeacha! Mara hii nimeacha kweli!" Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, mkewe akaficha uso kwenye kitambaa. Katikati ya wiki akaonekana ameegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, akiuomba ukuta msamaha kwa kuugonga. Jumapili iliyofuata akasimama tena. Na nyingine tena. Ilipofika siku ambayo kwaya ilianza kucheka kabla hajamaliza kunyanyuka kwenye benchi, jina lilikuwa limekwisha kumganda.

Kazini hawakumwacha. Kulikuwa na mwashi mmoja, mteja wake wa miaka mingi, mnywaji naye asiye na habari ya kuacha. Huyo kila akija lazima atie maneno.

"Ninyoe, Mara Hii. Lakini ngoja kwanza, nyoosha mikono niione. Inatetemeka?"

"Haitetemeki."

"Mara hii?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Naye akacheka nao, maana kinyozi asiyejua kuchekwa hukosa wateja.

Mkewe hakucheka. Alikuwa mfagizi katika shule ya jirani, mwanamke mtulivu, na hawakujaliwa watoto, hivyo nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa na masikio manne tu na hakuna neno lililopotea humo. Jioni alimpokea mlangoni, akamvua koti, akalisogeza karibu na uso kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka. Alikuwa analinusa. Mume alijua, na kila mara alikuwa na jibu tayari.

"Ni spiriti, mke wangu. Chupa imenimwagikia kazini."

"Pole," mke alijibu, akalitundika koti, akampakulia chakula.

Zilipita jioni nyingi namna hiyo. Kisha siku moja, baada ya ushuhuda mwingine na anguko jingine, mkewe akaketi mbele yake.

"Mume wangu, nakuomba kitu kimoja. Usisimame tena kanisani."

"Unanionea aibu?"

"Hapana. Ila kila ukisimama unalimaliza jambo lote kwa mdomo. Ukikaa chini huna tena cha kufanya. Mwambie Mungu, halafu unyamaze, uende naye polepole hivyo hivyo."

Neno hilo lilimchoma. Lakini Jumapili iliyofuata watu walipogeuka kumtazama, alibaki ameketi, mikono katikati ya magoti, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Kilichofuata hakina radi wala malaika. Mabadiliko yake yalikuja jinsi nywele zinavyoota: huzioni zikiota, ila siku moja unapitisha mkono unakuta zipo. Kwanza alijifunza kusema kweli. Alirudi jioni moja akiyumba, na kabla mkewe hajagusa koti akasema, "Leo nimekunywa." Mwanamke yule akakaa palepale kizingitini, akacheka na kulia kwa pamoja, akasema, "Asante. Leo nimeolewa na mtu mmoja. Nilikuwa na wawili."

Kisha mume akaacha njia ya baa, akawa anazunguka nyuma ya kiwanda cha mbao, anafika nyumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi. Bado alianguka. Akiinuka alirudi kanisani bila tangazo, akaketi.

Halafu vikaja vichwa. Ilianza siku ambayo mteja alifiwa na mama yake, akaja kunyolewa, akainama chini ya mashine huku machozi yakimdondokea kwenye shuka. Kinyozi hakuwa na neno la kumpa. Akajikuta anasema moyoni, Bwana, mwone huyu. Baada ya hapo akashindwa kuacha. Kila kichwa kilichoinama mbele yake alikishika kwa kiganja cha kushoto na kukitaja mbele za Mungu, kichwa cha tapeli na kichwa cha hakimu sawasawa, huku mdomoni anabishana habari za mpira. Mchungaji alipokuja kunyolewa akamuuliza, "Siku hizi unaomba?"

"Najaribu, mchungaji. Lakini maombi yangu hayana maneno."

"Yana nini?"

"Yana vichwa tu."

Mchungaji alicheka mpaka akamwomba asimamishe mashine asije akakatwa sikio.

Maanguko yakawa ya nadra, kisha yakakoma, na yeye mwenyewe hakuweza kusema yalikoma lini. Alichokumbuka ni jioni moja ya kawaida kabisa. Mkewe alimvua koti huku anamsimulia ugomvi wa walimu, akalipeleka moja kwa moja msumarini, akalitundika. Hakulinusa. Wala hakujua kwamba hakulinusa. Aliendelea na habari za walimu. Mume akaenda chooni, akafunga mlango, akalia kimyakimya kama mtu aliyesamehewa kifungo.

Miaka michache tu baadaye figo za mkewe zilianza kumsaliti. Mwishowe akalazwa. Mdogo wake, mwanamke mwenye sauti na moyo mkali, alikuja kumuuguza mchana, na kinyozi akawa anafunga kazi mapema kwenda kukaa na mgonjwa. Huyu shemeji alikuwa ameyaona yale ya zamani yote. Alimsalimia kwa adabu, lakini macho yake hayakumwamini hata kidogo.

Alasiri moja simu ikalia. "Shemeji, njoo. Hali ya dada imebadilika. Njoo sasa hivi."

Mwashi alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Kinyozi alikuwa ameshika chupa, anamiminia kitambaa. Akageuka ghafla, chupa ikammwagikia kifuani, shati likalowa lote. Hakujali. Alitoka mbio kama alivyo, akamwacha mwashi na shuka shingoni.

Alifika wodini amelia njia nzima, macho mekundu. Mlangoni akajikwaa kwenye gurudumu la kitanda, akapepesuka, akashikilia ukuta. Shemeji yake akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Yeye hakumwona; alimwona mkewe tu. Akainama juu yake, akamshika uso.

Mkewe akafumbua macho. Kwanza akatabasamu, kinyozi aliliona hilo na hakuna wa kumnyang'anya. Kisha pua ikamtikisika. Wodi nzima ilinuka dawa, lakini harufu iliyomfikia sasa ilitoka kwenye shati lile, kwa mtu yule, pamoja na macho yale.

"Hata leo?" akanong'ona.

"Sijanywa, mke wangu. Ni spiriti. Chupa imenimwagikia kazini."

Aliyasikia maneno yakimtoka na hakuweza kuyarudisha. Yalikuwa yale yale. Katika maneno yote aliyopewa binadamu, ukweli ulikuwa umemfikia ukiwa umevaa nguo za uongo wake, na mkewe alikuwa anazijua nguo hizo kwa kila kifungo.

"Pole," mkewe akasema. Akageuza uso, akatazama ukutani.

Alimsihi. Alimwambia hapana, safari hii ni kweli, akasikia hata hilo linavyosikika. Mwanamke alifumba macho na hakuyafumbua tena. Kabla ya jua kuzama muuguzi akaja kumfunika.

Msibani shemeji hakuficha. "Amekuja amelewa," aliwaambia kina mama waliokaa naye mkekani. "Dada yangu amekufa ameelekea ukutani." Habari ikazunguka kuliko chai. Mwashi, mwenye kichwa cha nusu mpaka siku ya mazishi kwa kuwa hakupatikana wa kukimalizia, aliapa kwa kila aliyemsikiliza kwamba chupa ilimwagika mbele ya macho yake. Wapo walioamini. Shemeji alisema mlevi kumtetea mlevi si ushahidi. Na aliyetakiwa kusikia kuliko wote alikuwa chini ya udongo.

Kinyozi alimfuata mchungaji makaburini, watu walipokuwa wanaondoka. "Huko aliko, amejua?"

"Mimi naamini amejua. Lakini nikikuambia nimepaona, nitakuwa nakudanganya."

"Afadhali ungenidanganya."

"Najua, ndugu yangu."

Msiba ulipoisha kinyozi alifungua kazi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kiooni. Fikra iliyomjia ilikuwa na akili ya kutisha. Kama nimeshahukumiwa kwa kunywa, kwa nini nikose hata kinywaji chenyewe? Yule ambaye niliacha pombe kwa ajili yake hayupo, na ameondoka akiamini sikuacha. Miaka yote ile imekuwa ya nini? Akafunga mlango, akaenda baa mchana kweupe, kwa njia fupi.

Walimpokea vizuri kuliko kanisani. "Mara Hii! Karibu, kaa hapa. Pole sana, kaka, tumesikia." Wakamsogezea kiti, wakamwekea glasi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ni kweli. Akaishika. Ilikuwa baridi mkononi, na harufu ikampanda puani kama rafiki wa shule.

Jirani yake mezani, mzee mmoja dereva wa lori, alikuwa amelewa tangu asubuhi. Akalaza kichwa juu ya meza, mbele kabisa ya kinyozi. Na kiganja cha kushoto, bila kutumwa, kikaenda kukaa juu ya kichwa kile. Bwana, mwone huyu.

Alipojigundua anaomba, alikasirika. Hakutaka kuomba. Hakuwa na la kusema na Mungu aliyeiacha harufu imsemee kwa mkewe katika saa yake ya mwisho. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuomba, na mwingine ulikuwa bado na glasi, na hakuweza kuwa watu wawili tena. Akaiweka chini. Akatoka hadi nyuma ya baa, kwenye makreti ya chupa tupu, akamlilia Mungu kwa hasira, kwa maneno ambayo hayafai kanisani. Akaenda nyumbani hajanywa. Hakuona ushindi wowote. Aliona tu kwamba kesho yake lazima aamke.

Baada ya wiki kadhaa shemeji akaja kuchukua nguo za dada yake. Akaingia chumbani, akaanza kukunja. Kinyozi, kutoka sebuleni, akasikia milango ya makabati yasiyo ya nguo ikifunguliwa, godoro likiinuliwa, ndoo zikisogezwa jikoni. Akajua kinachotafutwa. Akainuka, akamfungulia stoo ndogo iliyokuwa na kufuli.

"Na humu hujatazama, shemeji."

Mwanamke akaona haya kidogo, lakini akatazama. Mlikuwa na jembe la mpini uliovunjika na viatu vya mvua vya marehemu. Akasimama na viatu vile mkononi.

"Leo huna," akasema. "Siku ile je?"

"Siku ile sikunywa."

"Siwezi kukuamini."

"Najua. Hata yeye hakuweza, na alinipenda. Wewe utaanzia wapi?"

"Amekufa analia, shemeji! Umeelewa? Analia!"

"Nimeelewa." Akakaa kwenye kochi. "Ningekuwa yeye ningelia. Nilimfundisha mwenyewe, jioni kwa jioni, jinsi ya kutoniamini. Siwezi kumlaumu kwa kujua alichofundishwa. Nilikuwa namwomba Mungu akuambie ukweli, wewe na mtaa mzima. Nimechoka kuomba hilo. Sasa namwomba nisiufanye kuwa uongo."

Shemeji alirudi chumbani. Alifunga mzigo wa nguo, akatoka, akasimama nje ya mlango na mzigo kiunoni.

"Jumapili utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Watu watakutazama."

"Watazame. Njoo na wewe, shemeji. Pale alipokuwa anakaa pako wazi, na mimi pananishinda peke yangu."

"Siahidi," akasema, akaenda zake.

Jumapili hiyo hakuja. Wala iliyofuata. Kinyozi aliketi mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja imebaki kati yake na mtu aliyefuata, na mtu aliyechelewa akitaka kupita, kinyozi alimkunjia magoti tu bila kusogea. Mchungaji alipotangaza wimbo, wote wakasimama, naye akasimama. Ulikuwa wimbo ambao mkewe alikuwa anaukosea sauti kila mara. Alianza vizuri. Katikati ya ubeti wa kwanza sauti ikamkatika, mdomo ukabaki wazi hakuna kitu, na mama mmoja wa mbele akageuka kutazama. Akashikilia benchi. Akangoja ubeti upite, na wa pili, mpaka wenzake walipofika kwenye kiitikio, akaingia tena nao.