Kibati cha Stendi ya Mwenzangu

Nilijifunza kupiga picha Homa Bay, kwenye studio ya mzee mmoja mwenye ukuta uliochorwa ndege ya abiria. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na msichana mwingine wa rika langu. Tulipanga chumba kimoja, tukapika jiko moja, na tukaitana nyaminwa, yaani ndugu yangu wa kike. Mimi nilikuwa hodari wa kuosha filamu gizani. Yeye alijua kuongea na watu mpaka mabega yao yalegee mbele ya kamera. Wateja walipokuja kuchukua picha walimshukuru yeye. Hakuna aliyeuliza nani aliyeziosha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mimi nilihamia Migori nikafungua kibanda changu karibu na soko. Yeye alibaki Homa Bay, akaolewa na mwalimu. Tulitembeleana mara moja moja, na nilijiambia kwamba mambo yetu yako sawa. Kisha shemeji yake aliyekuwa ng'ambo akamletea kamera ya video.

Niliiona mara ya kwanza kwenye harusi hapohapo Migori, mjini kwangu, kwa jirani wa ukuta mmoja na kibanda changu. Mimi niliitwa kupiga picha za kawaida. Yeye alishuka kwenye gari la waalikwa akiwa na kamera kubwa nyeusi ya kuweka begani, na mkononi stendi ya miguu mitatu iliyong'aa. Aliifungua miguu ile, akaiweka kamera juu, ikaingia mahali pake kwa mlio mdogo, tak. Halafu akashika mkono wa stendi na kuigeuza kamera kutoka kwa bi harusi hadi kwa kwaya, polepole, bila kushtuka hata kidogo, kama kitu kinachoelea kwenye mafuta. Watoto waliniacha mimi wakakimbilia kwake. Hata bwana harusi, ambaye nilikuwa nimeshamsimamisha vizuri nimpige picha, aligeuza uso akamtazama yeye.

Alinikumbatia. "Nyaminwa, umenona!" Nilicheka. Usiku ule sikula.

Tangu hapo nilianza kufuatilia mambo yake kama mtu anayefuatilia ugonjwa. Nilijua amepiga harusi gani, na kwa nani. Mimi ni Msabato, Jumamosi sifanyi kazi. Yeye ni Mkatoliki, na Jumamosi ndiyo siku ya harusi zao. Nilimwonea wivu hata kwa siku za wiki. Mteja akinisimulia video ya harusi ya Kendu Bay, niliuliza kwa sauti ya kawaida, "Ilipigwa na nani?" huku jibu nikilijua.

Mwaka wa pili nikafunga safari hadi Kisumu kutafuta kamera ya mitumba. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Alinitolea kamera mbili akaziweka juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndogo, ya kushika kwa kiganja, yenye kaseti ndogo kama sanduku la kiberiti kikubwa. Ya pili ilikuwa kubwa, ya begani, inayotumia kaseti kubwa zilezile za deki ya nyumbani.

"Unapiga nini, mama?" aliniuliza.

"Harusi. Na matanga."

"Basi chukua ndogo. Betri yake ni mpya, picha yake ni safi kushinda hii. Ukimaliza unahamisha kwenye kaseti kubwa kwa waya, mteja hatajua. Hii kubwa imechoka. Betri yake inaweza kukuaibisha."

Nilishika ile ndogo. Ilitulia mkononi kama iliyotengenezwa kwa ajili yangu, kwa maana mikono yangu ni midogo. Niliwasha, nikatazama kwenye kioo chake, nikaona mtaa mzima wa nje ukiwa wazi na mtulivu. Lakini pembeni ya jicho niliiona ile kubwa, na ilikuwa sawasawa kabisa na ya mwenzangu, hata mstari mwekundu wa ubavuni. Nikajiona nikishuka kwenye gari nayo begani, watoto wakinikimbilia mimi.

"Nipe kubwa," nikasema.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni yako," alisema, na hakunibembeleza.

Stendi alizokuwa nazo zilikuwa za kamera za picha. Ukizigeuza zinakwama, halafu zinaruka, na video yote inaruka nazo. Ile iliyogeuka vizuri ilikuwa na bei ambayo sikuweza hata kuigusa. Kwa hiyo nilirudi Migori, nikamwendea fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa karibu na stendi ya magari, nikamweleza ninachotaka. Alinisikiliza akikuna kidevu.

"Unataka kitu kigeuke bila kelele na bila kukwama," alisema. "Baiskeli inafanya hivyo kila siku."

Akachukua habu, kile kitovu cha chuma kinachozunguka katikati ya gurudumu la baiskeli, akaijaza grisi nzito, akaichomelea kwenye bamba la chuma. Seremala wa jirani akatengeneza miguu mitatu ya mbao. Jioni ile niliiweka kamera juu yake, nikasimama kando ya barabara nikiwafuata kwa kamera wapita njia, mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Niliporudi ndani na kutazama, picha ilikuwa imetulia kama maji kwenye beseni. Fundi alipiga makofi. Mimi niliitazama ile miguu ya mbao na grisi iliyochuruzika pembeni, nikaona haya.

Harusi iliyotukutanisha ilikuwa Mbita, Jumapili. Bi harusi alikuwa wa Migori na wazazi wake walinichukua mimi. Upande wa bwana harusi ulimchukua yeye. Familia zote mbili zilitaka video yao wenyewe.

Nilifika mapema nikafungua vitu vyangu nje ya kanisa. Mwanamume mmoja wa upande wa bwana harusi alizunguka stendi yangu mara mbili, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, na kigoda hicho cha miguu mitatu, leo unakamua ng'ombe?" Watu walicheka. Mwenzangu naye alikuwa amefika. Hakucheka. Alimwambia yule mtu, "Omera, ndugu yangu, acha kazi ya mtu." Lakini kutetewa naye kuliniuma kuliko kuchekwa.

Alikuwa amejifungua miezi minne nyuma na mtoto amemwacha kwa mama yake. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, imekaza, kushikilia mgongo. Begi lake la kamera lilikuwa la kubana, kwa hiyo njiani alikuwa amefungua kile kibati kidogo kinachokaa chini ya kamera, kile kinachoishikisha kwenye stendi. Alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha la kanisa, juu ya kitambaa cha kufutia lenzi, akaenda kumsalimu padri.

Nilipita hapo. Sikupanga. Mkono wangu ulikichukua, ukakitia kwenye mkoba, na nikaendelea kutembea. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na chenye joto la jua.

Baadaye nilimwona akipekua begi, kisha nyasi, kisha begi tena. Alinijia.

"Nyaminwa, hujaona kibati changu? Kidogo hivi, cheusi."

"Sijaona," nikasema. Kisha nikainama nikasaidia kutafuta. Nilipekua nyasi kwa bidii. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi nikilikumbuka, jinsi nilivyopekua zile nyasi.

Misa ilianza. Bila kibati, stendi yake ya kung'aa ilikuwa fimbo tatu tu. Akaiegemeza ukutani, akaweka kamera begani, akasimama hivyo. Mimi nilikaa nyuma ya stendi yangu ya habu, nikiigeuza kwa vidole viwili, na kila nilipoondoa jicho kwenye kioo nilimtazama yeye. Saa ya kwanza alisimama wima. Ya pili alianza kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Nilifurahi. Siwezi kuandika neno jingine hapo.

Tulipotoka kwenda kwenye mahema, kamera yangu ilizimika. Nilibonyeza, ikawaka kidogo, ikazimika tena. Niliweka betri ya pili. Nayo ikakaa dakika chache ikafa. Jenereta ilikuwa ya wapiga muziki, na waya wake haukufika nilipokuwa. Mbele yangu keki ilikuwa inaletwa, na mama wa bi harusi, aliyenileta kutoka Migori, alinigeukia kwa furaha akanionyesha kwa kidole mahali pa kusimama.

Nilibonyeza tena, haikuwaka. Nikahisi mtu akinigusa bega.

"Chukua," mwenzangu alisema. Alikuwa amenyoosha mkono wenye betri. "Zetu ni sawa, si ndiyo? Hii imejaa."

"Na wewe?"

"Niko na nyingine. Haraka, wanakata."

Niliipokea. Iliingia kwenye kamera yangu bila shida yoyote, kwa sababu nilikuwa nimenunua kamera kama yake mpaka kwa mstari mwekundu. Mkoba ulikuwa begani kwangu, kibati ndani yake. Ningeweza kukitoa saa ileile na kusema nimekiokota. Nilifikiria hivyo. Lakini ningelazimika kusema nimekiokota wapi, na lini, na uso wangu ungenifichua. Nikafunga mdomo nikapiga keki.

Jua lilipoelekea kuzama alikuwa hawezi kuinua mkono wa kulia. Nilimsaidia kubeba begi hadi garini.

"Mgongo unaumaje?" nilimuuliza.

"Mos mos tu," alisema, yaani utapoa polepole. "Mtoto ndiye ninayemuwaza. Maziwa yamejaa." Akatabasamu akapanda, na gari likaenda.

Wiki mbili baadaye nilipeleka kaseti kwa wazazi wa bi harusi. Sebule ilijaa. Walitazama kimya, halafu wakaanza kushangilia. Mama wa bi harusi alinishika mkono. "Yule wa Homa Bay tuliona kazi yake kwa wakwe. Picha zinatikisika mpaka kichwa kinauma. Wewe ndiye fundi."

Ndilo neno nililokuwa nimelitafuta miaka ile yote, kwamba mimi ni bora kuliko yeye, likisemwa kwa sauti mbele ya watu. Nililisubiri linipendeze. Soda niliyopewa niliiacha mezani, nikaaga.

Nilikwenda Homa Bay Jumapili iliyofuata nikiwa na betri yake na kile kibati. Nilimkuta ameketi nje akinyonyesha. Uso wake ulifunguka aliponiona. Nilimpa betri kwanza. Kisha nikaweka kibati juu ya kigoda mbele yake.

Alikitazama. Alidhani nimekipata. "Kilikuwa wapi?"

"Kwangu. Nilikichukua dirishani."

"Ulikichukua ukidhani ni nini?"

"Nilijua ni nini."

Mtoto aliendelea kunyonya. Ndani ya nyumba redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Kwa hiyo uliponiuliza mgongo unaumaje," alisema, "kilikuwa kwa mkoba."

"Ndiyo."

"Na nilipokupa betri."

"Ndiyo."

"Nilikukosea nini?"

Nilitafuta kosa lake. Kweli nililitafuta, nikiwa nimesimama pale, kwa sababu ningefarijika kulipata. "Hukunikosea," nikasema. "Ni wivu tu. Tangu tukiwa kwa mzee wa studio."

Alimhamisha mtoto upande wa pili. "Wale wa bwana harusi hawakunilipia hata nauli ya kurudi," alisema. "Walisema nimewaharibia harusi. Mimi nilidhani ni mimi, kwamba tangu nijifungue nimepoteza mkono wa kazi." Akainuka, akachukua kibati, akaingia ndani. Nilisubiri. Hakutoka, wala hakuna aliyenikaribisha chai, na katika nyumba zetu hilo linatosha. Nikaondoka.

Nilimwandikia barua mbili. Hakujibu.

Kabla ya mwaka kuisha niliiuza ile kamera kubwa kwa kwaya moja, nikarudi Kisumu. Ile ndogo ilikuwa imeshauzwa zamani, lakini mzee alinitafutia nyingine ya aina ileile, kuukuu kidogo. Safari hii nilisikiliza alichosema. Ilikaa juu ya habu ya baiskeli vizuri zaidi, kwa vile ilikuwa nyepesi, na nilianza kupata kazi ambazo wengine hawakuzitaka: matanga Muhuru Bay, mnada wa ng'ombe Ogwedhi kwa mfanyabiashara aliyetaka kuwaonyesha jamaa zake mifugo yake. Sikuwa maarufu. Nililala vizuri.

Siku moja alikuja mwanamume kutoka Ndhiwa, amefiwa na baba, akitaka video ya mazishi. Nilimuuliza nani alimweleza habari zangu.

"Yule mama wa video wa Homa Bay," alisema. "Ana kazi nyingine siku hiyo. Amesema nije kwako, kwamba mkono wako umetulia."

"Alisema nini kingine?"

Alifikiri. "Hakuna. Aliandika tu jinsi ya kufika kwako."

Nilikubali kazi. Mwanamume yule alipokuwa akinieleza njia ya kufika bomani kwao, niligundua nimeacha kumsikiliza. Nilikuwa najiuliza ile kazi nyingine ya mwenzangu siku hiyo ni ipi, ni kubwa kiasi gani, na ni nani aliyemwita. Ilibidi nimwombe anieleze njia tena, kuanzia mwanzo.