Nafasi ya "Waliofika"

Asubuhi moja ya ukungu, hapa mtaani Mususa, nilikaa kwenye duka la kuchaji simu karibu na mama mmoja muuza vitenge. Bwana yake ni shofere wa lori. Kila siku mama huyo anaandikia kundi la mtandaoni la bashofere habari za barabara ya Beni. Maneno yako tayari ndani ya simu, yeye anajaza tu nafasi: "Salamu bandugu. Barabara... Mvua... Waliofika..."

Mbili za kwanza alijaza haraka. Kwenye ya tatu, kidole kikabaki hewani. Bwana yake alitoka Beni jana na hakupiga simu.

"Mama, acha tu neno la jana, 'bote', kwamba wote wamefika," mwenye duka akasema.

"Hapana, papa. Salamu ya jana inafaa leo. Mais hesabu ya batu ya jana, hapana."

Tukangoja, ukungu ukipita mlangoni polepole. Mwishowe simu yake ikalia; alikuwa bwana yake.

"Donc uko muzima?" Alicheka huku machozi yakimtoka. Lori lilikuwa limekwama kwenye matope. Akaandika: "Bote, ila mumoja. Yuko njiani, anakula mahindi."

Mimi pia barua zangu zote huanza na "natumaini uko salama." Siku hiyo nilimpigia mutu mumoja kati ya wale ninaowaandikia, nikamuuliza kweli kama yuko salama.